Kulia Kishona, Kushoto Kimongolia

Sindano aliponiambia mama yake amefika na sanduku tupu, nilijua hakuja kutembea. Nguo zake za kubadilisha alizitia kwenye mfuko mdogo wa begani. Lile sanduku kubwa la magurudumu halikuwa na hata kitambaa ndani. Mtu wa namna hiyo amekuja kuchukua.

"Anataka kunirudisha nyumbani," Sindano alisema, uzi ukiwa bado katikati ya meno. "Anasema hawezi kumwachia binti yake mwanamume asiyemjua, ambaye hawezi hata kumuuliza neno akamjibu."

Mwanamume mwenyewe ni Fundi, anayechonga vikaragosi katika karakana yetu. Sindano ndiye anayevishonea nguo. Mimi ndiye ninayevichezesha, na wote wananiita Shangazi, hata wateja walionizidi umri, jambo ambalo nimechoka kulipinga. Fundi amezaliwa katika Kishona, Sindano katika Kimongolia, na mapenzi yao yameota kwa lugha tunayozungumza sote kazini, hii hii ninayoitumia kukusimulia. Mama mtu hakuijua hata chembe.

Fundi akaja na wazo. "Shangazi, Jumamosi watoto wakija kutazama mchezo, tumuweke mama mbele. Kikaragosi babu aseme Kishona, bibi aseme Kimongolia. Aone kwamba tunaweza kukaa pamoja."

Nilimwambia huo ni upuuzi, kisha nikaanza mazoezi. Ndivyo nilivyo, mdomo ukikataa mkono umeshaanza.

Sauti zingekuwa zao, mikono yangu. Mkono wa kulia nikavaa babu, wa kushoto bibi. Kishona kilinipokea kama ndugu. Nyama kwao ni nyama, moto ni moto, mwezi ni mwedzi, na kila silabi inaishia mdomo wazi, kama tunavyosema sisi. Kidole gumba, ambacho ndicho hufungua na kufunga mdomo wa kikaragosi, kilijua njia chenyewe. Kimongolia kilinitoa jasho. Nyama ni mah, moto ni gal, maji ni us, yaani hujamaliza kumfungua bibi mdomo, neno limeshajifungia mlango. Tena Fundi hutaja tendo mapema, halafu ndiyo anapamba. Sindano hupanga kwanza watu, vitu na mahali, na tendo linakuja mwisho kabisa, wakati mimi nimeshauinua mkono wa bibi hewani nangoja kuambiwa kama ni wa kupiga au wa kubembeleza. Kitu kimoja tu kilinituliza moyo. Mwezi wa angani na mwezi wa kalenda kwao ni neno moja, sar, vilevile kama kwetu na kwa kina Fundi. Nikasema basi, hawa watu hawako mbali kiasi hicho.

Jumamosi mama akaketi mstari wa mbele, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Sanduku alikuwa amekuja nalo. Tukaanza. Babu akaongea vizuri, watoto wakatulia. Bibi alipoanza, watoto wakacheka, nami kwa ujinga wangu nikadhani mchezo umekolea. Kumbe kidole gumba changu, kilicholelewa na silabi za mdomo wazi, kilikuwa kinaendelea kupigapiga wakati Sindano ameshanyamaza.

Mama akasimama, akasema kitu kikali.

"Anasema tunamdhihaki," Sindano alininong'oneza nyuma ya pazia. "Anasema bibi anatafunatafuna kama yeye na meno yake ya bandia. Anasema nikafungashe nguo sasa hivi."

Fundi alijiinamia. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kuchezesha vikaragosi tangu usichana wangu, halafu nimharibie mtu ndoa kwa kidole gumba!

Pazia likafunguka. Mama huyo, mbele yangu. Akamshika bibi, akaanza kumvua mkononi mwangu. Katika kazi yetu mtu havuliwi kikaragosi mchezo ukiendelea, na nimeshawahi kuchapa vidole vya watu kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini nilipomtazama usoni, niliachia.

Akamvaa, akamsemea. Mdomo wa bibi ulifunguka kidogo tu, ukafungwa pale pale neno lilipokwisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona yule bibi akiongea kweli, na nilifurahi hata nikasahau kuwa tumeharibikiwa. Bibi akamgeukia babu, aliyekuwa bado kwenye mkono wangu wa kulia, akajipigapiga tumboni, akamuuliza swali.

"Jibu," nikamwambia Fundi.

"Kwani kaniuliza nini?"

"Nitajuaje mimi? Jibu, mwanamume!"

Fundi akajibu kwa Kishona. Mimi niliambulia nyama tu. Sindano, ambaye Fundi alikuwa amemfundisha Kishona kidogo, akamtafsiria mama yake neno kwa neno. Mama akaangua kicheko mpaka akashikilia meno yake kwa mkono uliobaki.

Kwenye chai ndipo tulipojua. Mama alikuwa ameuliza, "Ukikasirika, unafanya nini?" Tumboni alijipiga kwa sababu hasira yake yeye hukaa huko. Fundi, kwa kuona tumbo, alidhani anaulizwa habari za njaa, akajibu: "Nakula nyama nikiipata, kisha nalala."

"Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo," mama alisema, na Sindano akatufasiria huku akifuta macho. "Hasira yake iliishia kwenye sahani na mto. Hakuwahi kuniinulia mkono."

Fundi alipoelezwa swali lenyewe, alishangaa. "Lakini mbona ni kweli?"

Na ni kweli. Siku nilipomwangushia kichwa alichotoka kukipaka rangi, alikiokota tu. Alikwenda akala chakula changu cha mchana chote, akalala juu ya magunia ya pumba za mbao.

Mama alikataa kumrudisha bibi. Fundi akauchonga upya utaya wake ujifunge upesi, Sindano akamshonea koti la baridi. Siku ya kuondoka, sanduku lililokuja kumchukua binti lilitoka mlangoni na kikaragosi peke yake, kikigongagonga ndani kila magurudumu yalipovuka ufa wa sakafu.

Mlangoni mama akamwita Fundi. Alikuwa amemuomba binti yake amfundishe maneno machache ya lugha yetu, na asubuhi yote nilimsikia akiyafanyia mazoezi jikoni. Akamshika shavu.

"Kula, ulale, mwanangu," akamwambia.