Kiatu cha Shemeji

“Ni mimi, sista,” kinyozi alisema. “Raba ni zangu, safari ni yangu, na ujinga wote ni wangu. Huyu alinifuata tu, kama gari bovu linavyovutwa.”

Muuguzi hakucheka. Alikuwa ameinamia mguu wa fundi cherehani, anailowanisha soksi kwa maji ya vuguvugu ili ibanduke, maana ilikuwa imegandana na kidonda. Chumba kizima kilikuwa kinanuka. Mlangoni alisimama mke wa kinyozi, kibeti amekikumbatia kifuani. Fundi ni kaka yake wa tumbo moja, na kaka huyo alikuwa amemwambia kwamba alijikwaa usiku akienda chooni. Sasa aligeuka akamtazama mumewe taratibu, kuanzia viatu kwenda juu.

“Shemeji anapenda kujibebesha mizigo,” fundi akasema pale kitandani. “Nilijikwaa, sista.”

“Kujikwaa hakumtoboi mtu chini ya kidole. Hiki ni kiatu.” Muuguzi akatupa pamba chafu kwenye ndoo. “Mlitembea mpaka wapi?”

“Mpaka tangini,” kinyozi akajibu.

Tangi la maji liko juu ya kilima, nyuma ya nyumba zote. Hata vijana wenye mapafu yao mazima hupumzika katikati.

“Siku ya kwanza?”

“Siku ya kwanza.”

“Na alianza kuchechemea wapi?”

Hapo ulimi wa kinyozi ulikwama. Na si ulimi wa kukwama ule. Mtaa mzima unamwita Redio, kwa sababu tangu afungue duka lake hakuna aliyefanikiwa kumzima.

“Wakati wa kurudi,” akasema. “Tulikuwa tumeshafika karibu na nyumbani.”

“Hakujua,” fundi akaongeza. “Yeye alikuwa mbele. Angeona angenigeuza palepale. Namfahamu shemeji yangu.”

Redio alitazama bango la mama anayenyonyesha lililobandikwa ukutani, akalitazama kwa bidii kama vile analipiwa.

*

Mambo yalianza hivi. Duka la kinyozi na duka la fundi yanagawana ukuta mmoja, tena ukuta wenyewe wa mbao. Mmoja akikohoa, mwingine anasema pole. Kutwa nzima Redio anasimama anazunguka vichwa vya watu, na kutwa nzima fundi ameketi, mguu wa kulia peku juu ya pedeli, kwa sababu anasema mtu akishona na kiatu hausikii mwendo wa mashine. Fundi alipopimwa akakutwa na sukari, Redio ndiye aliyemsindikiza zahanati, na Redio ndiye aliyeketi pale pembeni muuguzi akitoa maelekezo.

Na yalikuwa maelekezo mazuri, yanaeleweka. Kutembea kila siku, ndiyo, kutakusaidia sana. Lakini anza na kidogo. Nenda mpaka kona, rudi, na ufanye hivyo mpaka mwili uzoee, ndipo uongeze kidogo. Njia tambarare. Maji mkononi. Viatu visikubane, uvizoeze ndani ya nyumba kwanza, na kabla ya kuvivaa utie mkono ndani uone hakuna kitu. Jioni kagua miguu, na unyayo uutazame kwa kioo, kwa sababu sukari inaua hisia za vidole. Mguu unaweza kuungua usijue. Ukisikia chochote kisicho cha kawaida, simama.

“Mwanaume kujitazama unyayo kwenye kioo!” Redio alidakia. “Sista, mimi nina vioo vinne dukani, na sijawahi kuona mteja anakaa kichwa chini.”

Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Muuguzi mwenyewe alitabasamu. Basi maelekezo yakaishia kwenye kicheko kile.

Mengine yalifanywa na mdomo wa Redio. Dukani, mbele ya wateja, Redio alitangaza kwamba yeye na shemeji yake wanaanza mazoezi.

“Mpaka kona?” akauliza dereva wa lori, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. “Kona hata kuku wangu anafika.”

“Nani kasema kona? Sisi tunakwenda tangini. Kesho asubuhi tokeni nje mtuangalie. Msipotuona pale juu, nikirudi nyoeni hizi ndevu kwa kisu cha jikoni.”

Watu wakapiga makofi. Nyuma ya ukuta mashine ya fundi ilikata sauti kidogo, halafu ikaendelea.

Asubuhi fundi alitokea amevaa ndala. Hana viatu vya maana. Mguu wake umepanuka kama kafi la mtumbwi kwa miaka ya kukanyaga pedeli. Redio akamletea raba zake mwenyewe, nyeupe, nzuri. Fundi alisukuma mguu, ukakataa. Akasukuma tena.

“Zinabana, shemeji.”

“Zinakusalimia tu. Hazijakuzoea.”

Wakaondoka.

*

Sasa, kuna jambo moja kuhusu ukinyozi. Wembe ukimgusa mtu, mteja akashtuka, kinyozi mbovu anaomba radhi, na mteja anaanza kupapasa kichwa akitafuta damu. Redio haombi radhi. Anatoa kichekesho. Mteja anaangua kicheko, bega linashuka, na kidonda kinasahaulika mpaka mtu anafika kwake anaulizwa na mkewe. Kazi hiyo ameifanya muda mrefu kiasi kwamba haamui tena. Akiona uso unakunjamana tu, mdomo unajifungulia wenyewe.

Walipofika kwenye machimbo ya kokoto, hata kilima hakijaanza, fundi alisema, “Kama kuna mchanga humu kiatuni.”

“Huo ni mchanga wa bwana harusi,” Redio akasema, akaanza kisa cha bwana harusi aliyeazima viatu vya baba mkwe. Kisa kirefu, kina sauti tatu tofauti. Fundi alicheka. Lakini alikuwa amegeuza mguu, anakanyagia ubavu.

Redio aliona. Macho yake huona chawa mmoja kwenye kichwa cha nywele za wiki sita. Angeachaje kuona mtu mzima anachechemea? Aliona. Akageuza shingo akatazama chini, duka lake lilikuwa linaonekana, na mbele ya duka watu wamesimama, mmoja wao amenyoosha kidole. Akaongeza mwendo, na bwana harusi naye akaongezewa shangazi.

Juu tangini walikaa kwenye saruji. Kwenye ubavu wa raba nyeupe, karibu na kidole kidogo, palikuwa na doa lenye unyevu. Fundi hakuwa amelitazama. Alikuwa anahema, amefurahi, anapungia mkono watu wa chini.

“Tumefika, Redio! Mimi, mtu wa kukaa!”

Na Redio akapunga naye.

*

Zahanati ilimpeleka fundi hospitali kubwa. Kule wakasafisha, wakangoja, wakasafisha tena, na mwisho wakaondoa kidole kidogo ili wasije wakaondoa mguu. Aliporudi alikaa chumbani kwake nyuma ya duka, mguu juu ya mto, na upande wa pili wa ukuta wa mbao kukawa kimya kabisa.

Kimya kile kilimla Redio. Aliharibu kichwa cha mwalimu mkuu. Wateja walikuja wakidai kisa.

“Hebu tupe ile ya tangini, Redio. Wanasema ulimkokota mzee wa watu kama mbuzi.”

Siku moja akaanza kukisimulia. Akafika penye raba kukataa kuingia, akaigiza mguu, watu wakagonga magoti. Halafu akasikia, upande wa pili, kitanda kinalia: mtu anajigeuza. Redio aliweka mashine ya kunyolea mezani. Alimwambia mteja umeme umekatika, na taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyao.

Nyumbani mkewe alimpikia, akamfulia, hakumgombeza hata kidogo, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Mara moja tu alisema, akimenya vitunguu, “Kaka bado anakutetea. Anasema ungeona ungemrudisha.”

“Anasema hivyo?”

“Kila mtu anayekuja kumwona anamwambia hivyo. Na hicho kidole kingekuwa cha kwako, mume wangu, sijui kama ungemtetea mtu.”

Redio akasema moshi unamwingia machoni. Jiko lilikuwa la gesi.

Kesho yake alikwenda chumbani kwa fundi na maji ya moto ya kumwogesha, kama alivyokuwa akifanya. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajaribu mguu wa kushoto juu ya kiti kidogo, juu, chini, juu, chini.

“Najifunza pedeli ya upande wa pili,” akasema. “Mshono utakuwa unakwenda kilevi, lakini wateja watazoea. Mbona umesimama na beseni? Toa kichekesho, shemeji. Nimechoka kutazamwa kwa huruma.”

Kilikuwepo. Kilikuwa kimeshafika kwenye ncha ya ulimi, na kizuri. Redio alikimeza.

“Niliona,” akasema.

“Uliona nini?”

“Unachechemea. Si wakati wa kurudi. Kulekule machimboni, uliposema mchanga. Na doa nililiona juu, tulipokaa. Nikakuchekesha.”

Mguu wa fundi ulibaki hewani.

“Kwa nini?”

“Walikuwa wanatuangalia.”

“Akina nani?”

“Wateja.”

Fundi alishusha mguu. Alikaa akitazama beseni, mvuke unapanda. “Mimi nikadhani hukuona,” akasema, si kwa hasira, bali kama mtu anayerekebisha hesabu aliyokosea. “Nimewaambia watu wote.”

“Najua.”

“Weka maji hapo. Nitaoga mwenyewe.”

*

Kidonda kilifunga. Muuguzi alikikagua, akapapasa mguu wote, akapima viatu vipya, vipana, laini, ambavyo fundi alikuwa amevizoeza akizunguka kitanda. Akaruhusu matembezi, lakini mpaka mti wa kwanza na kurudi, na awepo mtu wa kumsindikiza. Dada yake alikuwa kazini asubuhi. Akabaki Redio.

Fundi hakukataa. Alitia mkono ndani ya kila kiatu, akapapasa mpaka mbele, akavaa. Walitoka. Redio alibeba chupa ya maji na hakuwa mbele. Alikwenda sambamba, macho chini, anaufuata ule mguu. Dereva wa lori alipita akawapigia honi, akachomoza kichwa. “Redio! Tangini leo?” Redio hakuinua hata mkono.

Kati ya duka na mti fundi alipunguza mwendo. Uso ulikunjamana kidogo sana, kule kwenye kona ya jicho, halafu ukanyooka.

“Mguu unauma?”

“Hapana.”

“Tukae kidogo?”

“Hapana.”

Mguu ulikanyaga, ukasita, ukakanyaga. Huenda ulikuwa umechoka tu. Huenda ulikuwa unajifunza upya. Kwa nje huwezi kujua, na kwa ndani anajua mtu mmoja tu.

“Shemeji,” Redio akasema, “sitasema neno lingine. Ila ukisikia kitu humo ndani, hata kama ni mchanga tu, niambie. Nakuomba. Uniambie mimi.”

Fundi aliendelea kutembea, akitazama mbele.