Kiota Ndani ya Gogo

Pale kiwandani walimwita Chuma, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akishtuka. Miaka ishirini na miwili alisukuma magogo ya mlimani kwenye msumeno, na dada yake mdogo akisimama upande wa pili kupokea mbao.

Asubuhi hiyo msumeno ulikuwa umeshakula nusu ya gogo moja nene dada alipopiga yowe.

"Kaka, zima! Zima!"

Chuma akazima, akamkimbilia akidhani amekatika kidole. Vidole vyake vyote vilikuwepo, kimoja kikielekezwa kwenye tundu la gogo.

"Panya tu huyo," Chuma akasema, akihema.

"Panya gani ana mkia wa manyoya? Hebu inama utazame."

Akainama. Alikuwa kindi kamili, mwenye masharubu na mkia, lakini hakuzidi kidole gumba. Alijilaza juu ya watoto wawili wasiofumbua macho, kila mmoja kama punje ya haragwe. Meno ya msumeno yalikuwa yamesimama kando ya mgongo wake. Unyasi usingepita katikati. Hakukimbia. Alitetemeka tu, akimkodolea Chuma macho.

Chuma akakaa kwenye vumbi la mbao, puu!

"Mdogo wangu," akasema, "nimepasua mangapi ya namna hii?"



Walikikata kipande chenye kiota kwa msumeno wa mkono, polepole, wakaziba tundu kwa kitambaa. Dereva wa lori, aliyekuwa akirudi msituni kufuata mzigo, alicheka, mpaka akachungulia. Njia nzima ya kupanda mlima Chuma alikipakata kile kipande, akimgombeza dereva kwa kila shimo la barabara.

Walikifunga kwenye mti mkubwa, wakarudi nyuma. Baada ya muda mrefu mama akatoka na mtoto mmoja mdomoni, akapanda juu, akapotea. Akarudi. Akamnusa wa pili, ambaye hakujongea, akamgusa, akamnusa tena. Kisha akaondoka peke yake.

Chuma alilia mbele ya dereva, wala hakujificha.

Siku hizi hasukumi gogo lolote kwenye msumeno kabla hajachungulia kila tundu kwa tochi. Meneja hulalamika kwamba kazi inachelewa.

"Na ichelewe," Chuma humjibu, jicho likiwa bado tunduni.