Ukuta wa Mnyapara

Shule haikuwa na rangi hata tone, kwa hiyo Mwalimu wa Sanaa aliwatuma wanafunzi wakaombe oili chafu gereji na kukwangua masizi ya masufuria ya jikoni. Udongo mwekundu waliuchimba wenyewe nyuma ya vyoo. Walivikoroga kwa vijiti kwenye makopo, vidole vikawa vyeusi mpaka kwenye kucha, na darasa zima likanuka kama uvungu wa lori.

"Mwalimu, hii haitatoka mikononi," mmoja alilalamika.

"Afadhali," alijibu. "Na ukutani isitoke vilevile."

Kazi yenyewe ya kuchora ukutani ilianzia majumbani. Kitabu cha historia kilimpa mnyapara wa enzi za wakoloni aya moja tu: kiongozi shupavu, aliyewahimiza watu kujenga barabara na shule. Shule ndiyo hii hii, na jina lake limechongwa langoni. Mwalimu hakubishana na kitabu. Alimpa kila mwanafunzi wa kidato cha nne kipande cha mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji, akawaambia wakakae na mzee wa nyumbani kwao, wachore wanachosimuliwa: pua yake ilikuwaje, alishikaje kiboko, alichekaje. Waliporudi walizitandaza karatasi sakafuni, wakainama kuzilinganisha. Wote walikuwa wamemchora mtu mmoja, mwenye taya pana, jicho moja dogo kuliko lenzake, na tabasamu la upande mmoja. Na sura hiyo walikuwa wakiiona kila mahafali, kwenye kiti cha mbele chenye mto. Ilikuwa sura ya mwenyekiti wa bodi, mjukuu wa mnyapara.

Mwalimu alijua tangu mwanzo. Bibi yake alibeba mawe ya ukuta huo huo wa shule akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alinyamaza ghafla njiani. Bibi akaomba atue mzigo amtazame, mnyapara akampiga kiboko cha miguu akamwambia atembee. Alipofika na kutua, mtoto alikuwa ameshapoa. Mwalimu aliisikia habari hiyo tangu akiwa mdogo, hadi ikawa yake. Radhi hakuitaka. Alitaka watu wamwone yule mtu, na mjukuu wake aone kwamba wanamwona.

Uso ulichorwa ukutani na binti waliyemwita Mkaa, mtoto wa dobi mwanamke aliyefua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka ili mwanawe aufikie mtihani wa mwisho. Mkono wa Mkaa haukuwa wa kufundishwa. Alichora mara moja tu, bila kufuta, na wenzake wakarudi nyuma hatua moja.

Mwenyekiti alikuja asubuhi ya kikao cha bodi. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, mkuu wa shule akihema pembeni yake.

"Huyu nani?"

"Historia, Mzee," alisema Mwalimu.

Mwenyekiti alicheka. Alicheka kwa upande mmoja, na wanafunzi dirishani wakabinyana.

"Watoto wana vipaji, mashallah. Mkuu, hii ipakwe chokaa leo hii." Kisha akamsogelea Mwalimu, sauti chini. "Dada yangu, ukitaka kunitukana, nitukane kwa mdomo wako. Usiazime mikono ya watoto wa watu."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli ule ukamzidishia hasira. Chokaa ilipokuwa ikikorogwa alimwita Mkaa.

"Ongeza oili usoni. Macho, taya, mdomo. Plasta ishibe."

"Si inafutwa, Mwalimu?"

"Fanya, mwanangu."

Mkaa alimtazama, akaelewa, akacheka chinichini. Akachovya.

Chokaa haiiwezi oili. Siku ya mkutano wa wazazi uso ulikuwa umesharudi juu, wa kahawia, mkubwa kuliko mwanzo. Watu walikusanyika. Wengine walicheka hadi wakashika mbavu, na ajuza mmoja akausogelea, akautazama kwa muda mrefu, akautemea mate. Mwalimu alisikia raha mpaka kwenye magoti. Alitamani bibi yake angekuwa hai.

Kesho yake aliitwa ofisini.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Mtoto hana kosa."

"Najua ni wewe," alisema mwenyekiti. "Wewe kazi imekwisha tangu asubuhi. Nazungumzia mkono uliopaka. Binti atapaka chokaa mpaka ukuta uwe mweupe. Ukiwa mweupe, anaingia kwenye mtihani."

"Mzee, oili ile haizibiki. Labda plasta ibanduliwe."

"Ukuta wa babu yangu hauguswi na nyundo."

Mkuu wa shule alitazama viatu vyake. Mwalimu akapiga magoti. Hakuwahi kudhani kwamba angepiga magoti mbele ya sura ile.

"Inuka, Dada," mwenyekiti alisema, karibu kwa huruma. "Mimi si Mungu. Nimeomba ukuta safi tu."

Asubuhi ya mtihani Mwalimu alisimama nje ya uzio, maana langoni alikatazwa. Mama wa Mkaa alikuwepo pia, beseni la nguo miguuni. Hakuitikia salamu.

"Ulikuwa na ugomvi wako, Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Haya. Mwanangu yeye alikukosea nini?"

Mwalimu alishika uzio, akachungulia ndani.

Wanafunzi walijipanga mlangoni na rula zao. Mkaa alikuwa peke yake ukutani na ndoo, chokaa imemkauka kwenye nywele. Chokaa ikiwa mbichi haifichi kitu. Huwa kama maji, weupe huja ikikauka. Kila alipopitisha brashi, uso uliibuka wote, mweusi, kila mkunjo mahali pake. Hata sasa, Mwalimu alipouona, kitu ndani yake kilifurahi. Alijichukia kwa furaha ile, lakini haikuondoka.

Kengele ikalia, mlango ukafungwa. Mkaa hakugeuka. Alichovya brashi, akaanza upya kwenye taya, na mnyapara akang'aa juani, amelowa, akitabasamu.