Jina la Mjukuu na Maiki ya Jepchirchir

Kwa Jepchirchir hupewi mtu wa kuongea naye kabla hujaongea na ukuta. Hiyo ndiyo sheria ya saiba yake, chumba cha intaneti kilicho juu ya duka la mbegu karibu na soko la Kakamega, na wateja huifuata hata wakiwa wamechelewa. Walimu wanaofanyiwa usaili, wanafunzi wa chuo, watu ambao kesi zao zinasikilizwa kwa mtandao, wote huketi katika kichumba kilichozibwa kwa magodoro ukutani, wakasema maneno, yeye akayanasa, kisha akawarudishia wajisikie. Anayepiga kelele anateremshwa sauti. Mwenye bangili anaambiwa azivue. Ndipo anaunganishwa na mtu wake.

Zipporah na mumewe Shikanga walikuwa wametoka Butali asubuhi kwa ajili ya kichumba hicho. Simu ya Shikanga ni ile ya vibonye, na ya Zipporah ina kioo kilichopasuka na mtandao unaokuja ukipenda. Siku nyingine wangevumilia. Leo hapana, kwa sababu leo mzee alikuwa anampa mjukuu jina.

Mjukuu mwenyewe alikuwa Tampere, kule Finland, ambako kijana wao Chrispinus na mkewe Beverly ni wauguzi. Alikuwa na wiki sita. Kwenye cheti aliandikwa Ethan, jina ambalo Shikanga alilitamka mara moja akaliweka kando. Tangu wiki ya pili mtoto alikuwa akilia usiku na mchana. Madaktari wa huko walimpima wakachoka. Hana homa, haumwi tumbo. Chrispinus akapiga simu nyumbani kwa aibu kidogo, maana ndiye aliyewahi kusema kwamba mambo ya kuita majina ya marehemu yamepitwa na wakati. Shikanga ni mzee wa kanisa, na haoni kwamba Mungu anakwazika kwa jambo kama hilo. Alimwambia tu atafute saa ambayo mtoto atakuwa analia.

Kwao Butali hufanyika hivi. Mtoto akilia bila sababu, huitwa majina ya waliotangulia, moja moja. Anayetaka kurudi ndiye atakayemnyamazisha. Huchagui; unaita, unangoja, unasikiliza. Akinyamaza, hilo ndilo jina lake, na ukimbandika jingine kwa nguvu umemtafutia ugonjwa.

Shikanga alikuwa na majina matatu. La baba yake, Masinde. La kifungua mimba wao, Shitanda, aliyekufa kwa ugonjwa wa figo miaka minne iliyopita, hajaoa wala hajaacha mtoto. Na la kaka yake Wanzala, ambaye waligombania naye mpaka wa shamba miaka kumi na mmoja, hadi Wanzala akafa hawasalimiani. Hilo la mwisho aliliweka kwa sababu ni lazima. Kumruka marehemu ni kumtukana. Lakini Zipporah alijua mumewe alikuwa akiomba lipi, kwa kuwa naye alikuwa akiomba hilo hilo. Majirani wengine siku hizi humwita Mama Chrispinus, wakidhani wanamhurumia. Shikanga hajabadilisha. Kwake bado ni Mama Shitanda, na jina hilo lisipopata wa kulibeba litakwisha pamoja nao wawili.

"Mzee, sema chochote," Jepchirchir alisema, akimvika hedfoni.

"Nimwambie nani?"

"Hakuna mtu. Napima maiki."

Shikanga hajazoea kuongea na hakuna mtu. Alisimama, akavua kofia, akamsifu Bwana, akawasalimu wote waliohudhuria, akamtambulisha mkewe, akaomba radhi kama kuna aliyemsahau. Alipofika kwenye habari za mvua na miwa, Jepchirchir akamwambia inatosha. Akamrudishia maneno yake. Shikanga akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyu mzee anagombana na nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mzee."

"Mimi siongeanga hivyo."

"Unaongeanga hivyo," Zipporah alisema. "Miaka thelathini na tisa."

Walipima mara tatu zaidi, mpaka sauti ya mzee ikashuka ikawa ya mtu anayeongea na mwenzake wa karibu. Kisha Jepchirchir akampigia Chrispinus ili apime na upande wa pili, na kilio cha mtoto kikajaa kwenye hedfoni hata Shikanga akazishika masikioni. Jepchirchir hakuwa na habari ya jina. Alikuwa ameambiwa mzee anataka kumsalimia mjukuu, na hayo mengine Shikanga hakuona kwamba ni ya kumwambia mtu wa saiba. Basi akafanya anachofanya siku zote: akamwambia Chrispinus afungue mipangilio, awashe kile kinachoondoa kelele.

"Na hiyo kelele mzee hatasikia kitu," alisema.

Chrispinus hakuwa amelala sawasawa mwezi mzima. Aliwasha bila kufikiri. Zipporah naye alisikia akaona ni busara tu.

Picha ilikuwa safi, lakini haikumsaidia Shikanga, ambaye ana mtoto wa jicho pande zote mbili na anangoja kupasuliwa. Alifumba macho kama anayeomba. Zipporah alisimama nyuma yake. Hedfoni zilikuwa kwa mumewe, kwa hiyo yeye aliona tu: Beverly ameketi kitandani, mtoto begani, Chrispinus ameshika simu kwa mkono mmoja ili nao waonekane wote.

"Masinde," Shikanga aliita. "Kama ni wewe, nyamaza tukujue."

Akangoja. Akatikisa kichwa.

"Anaria," alisema kwa lafudhi ya kwao. "Inakuja vipande vipande, lakini anaria."

Zipporah akajikuta ameshika egemeo la kiti.

"Shitanda. Shitanda, mwana wanje, mwanangu. Kama ni wewe, nyamaza tukujue."

Shikanga alisikiliza kwa muda mrefu.

"Mama Shitanda," alisema. "Amenyamaza. Amekubali."

Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Zipporah akainua macho kwa furaha amtazame mwanawe aliyerudi. Kwenye kioo mtoto alikuwa amepanua mdomo wote. Ulimi ulikuwa unatetemeka, uso umeiva, ngumi zinapiga hewa. Beverly alikuwa akimpapasa mgongoni, anambembeleza huku na huku. Chrispinus alifungua kinywa aseme kitu, akamwona baba yake, akakifunga.

Jepchirchir naye alikuwa ameona, na sasa alikuwa ameelewa. Kwao Wanandi mtoto huitwa majina mpaka apige chafya, na chafya pia ile mashine ingeikata.

"Mama, ni mimi nimekosea," alinong'ona. "Ile kitu inachukua muda kuzoea kelele, halafu inaizima kabisa. Mzee hawezi kumsikia."

Zipporah angeweza kuliacha jambo lipite. Chrispinus alikuwa amenyamaza, na msichana huyu angenyamaza akiombwa. Mzee angerudi Butali na kijana wake moyoni, na yeye angeitwa kukhu, nyanya wa Shitanda, mpaka anazikwa. Alilitaka jambo hilo sana. Lakini mtoto alikuwa analia, na yule aliyekuwa akimliza, yeyote yule, angeachwa nje aendelee kumliza.

Akaweka mkono begani mwa mumewe.

"Baba Shitanda, anaria bado. Mimi namuona."

"Nimesikia amenyamaza."

"Ni mashine imenyamaza."

Shikanga alivua hedfoni polepole, akazilaza mezani, akakaa akizitazama kwa macho yasiyoona vizuri. Zipporah akamwambia Jepchirchir afanye namna wasikie wote. Jepchirchir akachomoa waya, akamwambia Chrispinus azime kile alichokiwasha, na kilio kikaingia chote kwa mpigo, kikajaa kichumba, hata waliokuwa wakingoja kwenye benchi nje wakasimama wachungulie.

"Anza tena, mzee," Zipporah alisema.

Akaita Masinde. Mtoto analia. Akaita Shitanda, akangoja kuliko inavyohitajika. Mtoto analia. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu, na sauti ikampasuka katikati ya jina.

"Baba," Chrispinus alisema kutoka Tampere, "basi."

Zipporah alilia bila kujificha mbele ya wageni. Ilikuwa kama kumzika tena, ila safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyesema jeneza lifungwe. Hakujuta, lakini iliuma.

Likabaki moja. Shikanga akalisogelea kama mtu aliyetumwa kwa jirani wasiyeelewana naye.

"Wanzala," alisema.

Hakuongeza neno. Kilio kikakatika, kikarudi mara moja kwa kwikwi, kikaisha. Shikanga aligeuza uso upande wa Jepchirchir, naye akainama juu ya kompyuta, akakagua kila kitu kama anavyokagua siku zote, kisha akakagua tena.

"Maiki iko sawa, mzee," alisema. "Hakuna kitu inakatwa."

"Mama Shitanda?"

"Amenyamaza," Zipporah alisema. "Mdomo amefunga. Anatuangalia."

Beverly aliacha kubembeleza. Chrispinus akasogeza simu karibu, na kwa kuwa hakukuwa tena na kinachochuja sauti, wote wakamsikia mtoto akipumua. Shikanga alikaa akiisikiliza ile pumzi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepishana na kaka yake njiani akitazama miwa. Kwenye mazishi alikaa na watu wa mbali, akaondoka kabla ya chakula.

Alisogea kwenye maiki mpaka midomo ikakaribia kuigusa, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, ya chini kuliko alivyofundishwa.

"Mulembe, Wanzala," alimsalimu. "Ni mimi. Ni Shikanga."