Makoti Kumi na Manne ya Bomba la Mvuke

Ndete alipoingia kwenye kibanda cha ushonaji cha Syombua, Kaloleni, na kutandaza koti la kitambaa kizito juu ya cherehani, Syombua nusura ameze pini. Koti lile alikuwa amelishona yeye mwenyewe.

Mumewe, Mativo, ndiye aliyelibuni. Katika kiwanda cha sabuni alikofanya kazi, kila bomba la mvuke lilipovuja mafundi walibomoa plasta yake kwa patasi, wakala vumbi kutwa, kisha wakaipiga upya. Mativo akasema heri bomba livishwe koti la mikanda: fungua, tengeneza, funga. Akampa Ndete, msimamizi wake, sampuli ampelekee meneja. Ndete aliipeleka kama yake, kisha akamfukuza Mativo mbele ya mafundi wote akimwita mwizi wa vifaa. Tangu hapo hata kanisani Mativo hukaa benchi la nyuma.

"Mathe, naeza shonewa kama hii kumi na nne? Nimeskia we ndio hushona joho za kwaya." Hakujua anaongea na mke wa nani.

"Ijumaa zitakuwa tayari," Syombua alijibu kwa sauti ya asali.

Kwanza aliwaza kuyajaza matambara, yashike moto. Lakini wangeungua mafundi, naye alimtaka Ndete peke yake. Njia ya mwongo ni fupi. Syombua aliamua kuifupisha zaidi. Akachukua uzi wa chuma, ule usioungua, akashona upande wa ndani wa kila koti.

Makoti aliyavisha mabomba yeye mwenyewe, na siku ya ukaguzi alikuwepo kiwandani, eti arekebishe vipimo. Mvuke ulikuwa umefungwa. Ndete akamwambia meneja Kinyanjui, "Mtu mmoja, dakika mbili, bila patasi." Akafungua mikanda, akalikunjua koti.

Ndani mlikuwa mmeshonwa kwa herufi kubwa: MATIVO ALINIBUNI, NDETE ALINIIBA.

Meneja alisoma mara mbili. "Hii ni nini?"

"Kuna mtu ananichezea, boss," Ndete alisema, jasho likimtiririka.

"Mwambie afungue na yale kumi na matatu," Syombua akasema. "Si ni dakika mbili tu? Mimi ni mke wa Mativo."

Meneja alimtazama, kisha akaagiza mafundi waache kazi waje. Wakaja walewale waliosikia Mativo akiitwa mwizi. Ndete akainamia koti la pili.

Syombua alipindua ndoo, akakaa. Hakutaka kukosa hata moja.