Damu ya Kupokelea Mgeni

Damu yangu ilikuwa imelala kwenye kichupa, nyekundu chini, juu yake maji ya rangi ya asali. Alifiya, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikiinua dirishani, akakitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Babu Ferdinand, damu zenu safi kuliko za watu wa Upanga," akasema. "Mwaka mzima wa utafiti, halafu jibu ni kwamba moshi hauna neno! Profesa kasema nibadili mada au niache shahada."



Nimezurura nchi hii tangu nilipoacha darasa la tano: mkonge Korogwe, dhahabu Geita, chumvi Uvinza. Uzee ukanikuta machinjioni Vingunguti, nachoma vichwa na kwato za ng'ombe kwa matairi, mie na Mwinshehe na wenzetu. Ndani ya moshi ule hata mchana ulikuwa kama usingizi. Nyuso zinakuja, zinayeyuka.

Ndimo alimotokea huyu binti wa Kibohora na sindano zake, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja. Akatueleza kuwa moshi huzaa kwenye damu vijipande vilivyopoteza wenzao. Havitulii. Vinatangatanga, vinapora kila vinapopita.

"Kumbe ni akina Ferdinand watupu!" Mwinshehe akadakia. Tulicheka, naye akacheka.

Akasema pia kwamba matunda huvituliza. Hapo ndipo tulipoharibu.

Nani anamkaribisha mgeni kwenye nyumba chafu? Kila akitutajia siku ya kuja, wiki nzima kabla tulikuwa tunakwenda sokoni Mabibo kubeba machungwa na mapapai. Hata sigara tuliweka chini. Tulitaka akute pamefagiliwa.

Sasa alikishusha kile kichupa mezani.

"Mjukuu wangu," nikasema, "tulikusafishia."

"Mlinisafishia nini?"

Nikamweleza yote, mpaka juisi ya ubuyu ya Mwinshehe, jagi zima kila asubuhi. Nje ng'ombe walikuwa wanashushwa kwenye lori. Akafungasha vichupa vyake, akaondoka bila kuaga, nikajua tumempoteza.

Mwezi wa tatu tangu aondoke akatokea ghafla, hakututajia siku. Alitukuta tumejaa masizi, sigara midomoni, tumeshiba utumbo. Mwinshehe aliona aibu, akaficha mkono mgongoni.

"Ngoja basi nikanawe, mwanangu."

Alifiya akavuta kigoda, akaketi katikati ya moshi, akatoa sindano, akamnyooshea kiganja.

"Nipe huohuo, babu."