Dadu Iliyoanguka Chini ya Kabati

Dadu ilianguka chini ya kabati, na kwa sababu hiyo rubani wa ndege namba nne alikufa. Ilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri. Mwendesha winchi alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya chakula, amevua viatu, na mkewe alikuwa uani anaanika mashuka.

Mezani alikuwa ametandika karatasi kubwa aliyoichora mwenyewe vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki. Hiyo ndiyo ilikuwa anga. Juu yake zilisimama ndege kumi na moja za kadibodi, za ile aina ya zamani yenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, zilizopigana vita kabla babu yake hajaota ndevu. Kila ndege ilisimama kwenye kizibo cha soda, na njiti za kiberiti zilizochomekwa chini yake zilionyesha iko juu kiasi gani. Sita zilikuwa za upande huu, tano za upande ule. Jemadari wa pande zote mbili alikuwa yeye.

Kule kwenye ghala la mabomba alikofanya kazi walimcheka kwa hilo.

"Sasa ukishinda, nani kashindwa?" mpakiaji mmoja alimuuliza.

"Mimi."

"Na ukishindwa?"

"Nimeshinda."

"Basi wewe ndiye mtu pekee hapa asiyejua kufungwa."

"Timu yenu hata ikicheza peke yake inafungwa," alisema, akapanda ngazi kurudi kwenye winchi yake.

Lakini hakuwa na mzaha na mchezo wenyewe. Kwa miaka tisa alikuwa ameandika kila mruko kwenye daftari: nani aliruka, alipigwa wapi, alirudi au hakurudi. Marubani hakuwapa majina, aliwapa namba. Na kwa kuwa mtu anayecheza peke yake hana wa kumkaba koo akiiba, aliandika kanuni tatu ndani ya jalada na kuzifuata. Dadu hairushwi mara mbili. Aliyekufa harudi. Dadu ikitoka nje ya meza haihesabiki, inarushwa nyingine.

Alasiri ile ndege ya adui ilikuwa imejipenyeza nyuma ya Namba Nne na kuimiminia risasi. Alirusha dadu ajue zimepata wapi. Dadu iligonga kikombe, ikaruka, ikabingirika sakafuni na kuingia chini ya kabati la vyombo. Hakuifuata. Alitoa nyingine mfukoni akairusha. Ikaja sita, na sita kwenye karatasi yake ni moto katika tangi la mafuta. Aliandika: "Namba Nne. Mruko wa thelathini na mbili. Moto. Hakurudi." Akaiondoa ndege mezani, akaenda uani kumshikia mkewe ncha ya shuka.

Jumatatu alipotoka kazini alimkuta mkewe mlangoni.

"Una mgeni," mkewe alisema. "Ananuka petroli. Nimemwambia asikalie kochi."

Mgeni alikuwa kwenye kigoda karibu na kabati, amewekewa gazeti chini ya miguu ili asichafue sakafu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye koti la ngozi lililoungua upande mmoja kutoka begani hadi kiunoni, miwani ya upepo kwenye paji la uso, na hana nyusi. Alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni Namba Nne."

"Ndiye mimi."

"Ulikufa Jumamosi."

"Ndiyo. Sijaja kugombana. Nimekuja kuiona dadu ya kwanza."

Kabati lilikuwa zito. Ilibidi watoe sahani zote kwanza, kisha wanaume wawili wakalisukuma, na miguu yake ikachora mistari miwili sakafuni. Dadu ilikuwa imetulia kati ya kibanio cha nywele na mende mkavu. Walipiga magoti wakaitazama bila kuigusa. Ilikuwa tatu.

"Tatu ndiyo nini?" mkewe aliuliza.

"Tundu kwenye bawa," alisema Namba Nne. "Ningerudi. Ningefika nimelowa mafuta, lakini ningefika."

"Ilitoka nje ya meza," mwendesha winchi alisema. "Haihesabiki."

"Nani amesema?"

"Kanuni."

"Nani aliiandika?"

"Mimi."

Namba Nne alitikisa kichwa polepole. "Basi mzee, andika tu kwenye daftari kwamba kulikuwa na dadu ya kwanza, na kwamba ilikuwa tatu. Sitaki zaidi ya hapo."

"Nikiandika hivyo kanuni imevunjika."

"Nitasubiri."

Akasubiri. Kila siku saa kumi na moja jioni alibisha hodi, akakaa kwenye kigoda chake, na giza likianza kuingia aliaga. Anakokwenda hakuna aliyemuuliza. Alifuta vyombo. Alitengeneza pasi iliyokufa tangu mwaka juzi kwa kipande cha waya. Mke wa mwendesha winchi alikata mkoba wake wa zamani akamtilia kiraka kwenye koti.

"Mwanamume anayefuta sahani bila kuambiwa," alimwambia mumewe, "hata awe ameungua namna gani, mimi simfukuzi."

Jumatano alikuja mjane wa Twiga.

Twiga alikuwa mfungaji mizigo kule ghalani, mrefu kiasi kwamba aliinama kwenye kila mlango, hata ule usiohitaji. Kwa miaka kumi na mmoja yeye alifunga mabomba kwenye mnyororo na mwendesha winchi akayanyanyua. Mwendesha winchi hakuzaliwa na ndugu, na mkewe vilevile alizaliwa peke yake, kwa hiyo ndugu yake alikuwa Twiga, na mke wa Twiga alimwita shemeji. Miaka minne iliyopita mnyororo ulikatika na Twiga akafa chini ya mabomba.

Mjane sasa alifua maovaroli ya ghala hilohilo. Kila asubuhi alipita langoni chini ya ubao uliochorwa mtu mrefu sana amesimama chini ya mzigo, na maneno: USIWE KAMA HUYU. Jina hawakuandika. Hapakuwa na haja, kwa sababu mchoraji alikipatia kimo barabara.

"Ijumaa kamati ya ghala inalifungua upya suala la Twiga," alisema kabla hajakaa vizuri. "Mara moja tu, wamesema, na halitafunguliwa tena. Ubao utashuka au utabaki. Watakuita, shemeji. Wewe ndiye uliyekuwa juu. Wewe ndiye uliyeuona mnyororo."

"Nitakuja," alisema mwendesha winchi. Alikuwa anakata bawa la ndege mpya na hakuinua macho.

Mjane akamgeukia mtu wa kigodani. "Na wewe, kaka, pole. Lilikupata nini?"

"Waliandika moto."

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Tundu kwenye bawa."

"Wangu waliandika alisimama chini ya mzigo. Twiga! Alikuwa akinikataza hata kupita chini ya kamba ya nguo." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Basi Ijumaa, shemeji. Saa nne. Usichelewe."

Mkasi ulikuwa umepita mstari, na bawa likatoka fupi.

Mjane alipoondoka, Namba Nne alilichukua daftari mezani akalifungua ndani ya jalada. Alilisogeza dirishani kwenye mwanga.

"Mzee, kanuni hizi mbili za kwanza ni wino wa bluu uliopauka. Hii ya tatu ni nyeusi."

"Niliiandika baadaye."

"Lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Na kabla ya hapo dadu ikianguka ulifanyaje?"

"Nilipiga magoti nikaisoma palepale ilipo."

Namba Nne alilirudisha daftari mahali pake. Hakuuliza tena, lakini mwendesha winchi alimweleza, maana kumweleza mtu aliyekwisha kufa hakuna gharama. Siku ile ya ajali alikuwa ameandika maelezo kwenye karatasi ya daftari la shule. Aliandika kwamba viungo vitatu vya mnyororo vilikuwa vimelika, kwamba alimwambia meneja mara tatu, na kwamba Twiga alikuwa amesimama pembeni kabisa, mzigo ukayumba ukamfuata hukohuko. Meneja aliisoma yote hadi mwisho. Akasema imeandikwa vizuri. Kisha akasema karatasi isiyo fomu haihesabiki, ndugu yangu, andika nyingine. Akamletea fomu. Kwenye fomu hapakuwa na swali la mnyororo. Palikuwa na swali kama mfanyakazi alikuwa chini ya mzigo, na visanduku viwili, ndiyo na hapana, na kidole cha meneja kilikuwa kimepumzika karibu na ndiyo. Akatia alama. Karatasi ya kwanza iliingia kwenye droo.

"Na hiyo wiki ukaandika kanuni ya tatu," alisema Namba Nne.

"Jumamosi yake."

Ijumaa saa nne kasorobo walikwenda wote wawili. Mlinzi wa lango alimtaka Namba Nne aandike kwenye kitabu cha wageni. Aliandika: Namba Nne, kusikiliza. Mlinzi akamnusa, akamwambia aache kiberiti getini kama anacho. Hakuwa nacho.

Kikao kilikuwa katika chumba cha mapumziko. Wazee watatu wa kamati walikaa nyuma ya meza, na meneja alikuwa pembeni yao anawamiminia maji. Mjane alikaa mbele, mkoba magotini. Namba Nne alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, watu wapate hewa. Mwendesha winchi alisimama. Mfukoni alikuwa na ile dadu ya kwanza, na kidole gumba chake kilikuwa kimeipata tatu bila kuitazama.

"Sahihi hii ni yako?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni yangu."

"Na hii alama kwenye ndiyo?"

"Ni yangu."

"Mama hapa anasema ulitoa maelezo mengine kabla ya haya. Ni kweli?"

Mjane alimtazama. Meneja naye alimtazama, bila kitisho chochote, kama mtu anavyoangalia saa ya ukutani. Mwendesha winchi alifikiria kibanda chake cha winchi, kiti ambacho povu lake lilikwisha kushika umbo la makalio yake, na miaka mitatu iliyobaki kabla ya kustaafu. Alifikiria pia kwamba Twiga alikwisha kufa na hatakufa zaidi.

"Yanayohesabika ni hayo," alisema.

Mwenyekiti akaandika. Maji kwenye glasi hayakuwa yamefika nusu.

Nje, mjane alikuwa amesimama kivulini anafunga zipu ya mkoba. Ilikuwa imekwama. Mwendesha winchi alinyoosha mkono amsaidie, na yeye akausogeza mkoba upande wa pili.

"Asante kwa kuja, bwana," alisema.

Hilo "bwana" hakulisema kwa hasira. Alilisema kama linavyosemwa kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Kisha akaenda kufua.

Jioni, Namba Nne alipobisha hodi, daftari lilikuwa wazi tayari. Mwendesha winchi alikata kanuni ya tatu kwa mstari mmoja ulionyooka. Akatafuta mruko wa thelathini na mbili, akaandika chini yake: "Dadu ya kwanza: tatu. Tundu kwenye bawa. Alirudi." Akamsogezea.

Namba Nne aliyasoma mara mbili.

"Nashukuru, mzee. Hii yangu ilikuwa nyepesi."

"Najua."

"Najua unajua."

Alimshika mkono mke wa mwendesha winchi, akamshukuru kwa kiraka. Ndege yake ilikuwa uani, pua imeelekea ukutani, na tundu kwenye bawa la juu lililotosha kupitisha ngumi. Mke alitoa mashuka kwenye kamba ili ipate njia, lakini mawili hakuyawahi. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika, na ndege ikavuka ukuta kwa kimo cha njiti moja, kisha mbili, kisha tatu. Jirani alichungulia akauliza kama moshi huo utaendelea, kwa sababu na yeye ana nguo nje. Akaambiwa umekwisha.

Jumatatu ubao wa langoni ulipakwa rangi upya. Mchoraji aliongeza kofia ya usalama kichwani mwa yule mtu mrefu, kamati ilishauri hivyo. Mwendesha winchi alipita chini yake, akapanda ngazi arobaini na mbili, akakaa kwenye kiti chake na kuunyanyua mzigo wa kwanza. Mnyororo ulikuwa uleule. Walipobadilisha kiungo kilichokatika siku ile, vile vingine viwili vilivyolika waliviacha.

Hesabu yake ni hii. Sakafu ina mistari miwili ambayo haifutiki. Mashuka mawili yalifuliwa upya. Kigoda kimerudi jikoni. Rubani mmoja amerudi, na ameruka mara tano tangu hapo bila kupigwa. Twiga hajarudi. Mjane hapiti tena kwenye nyumba ile. Hupita njia ya nyuma, ambayo ni ndefu kwa dakika tisa. Na mwendesha winchi, ambaye duniani kote alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita shemeji, sasa hana hata mmoja.